Kupimwa kansa bure, lakini Jumanne saa tatu asubuhi

Jirani yangu huku Pipeline ni mama fua. Saa kumi na mbili asubuhi ashatoka, anaenda kukaa kando ya barabara na wenzake wakingoja mtu awaite, na akichelewa kidogo hiyo siku imeenda. Sasa mwambie mtu kama huyo kuna kupimwa kansa ya mlango wa kizazi bure, Jumanne, saa tatu, apande matatu na apige laini mpaka saa saba. Bure ya nani? Yeye anahesabu fea, anahesabu kibarua alichoacha, anafikiria watoto watakula nini jioni, na bado anaweza fika mbele aambiwe vifaa vimeisha arudi wiki ijayo.

Ndio maana hukasirika nikisikia watu wakisema eti wanawake wa mitaa yetu hawajali afya. Uoga upo, sikatai, nani anafurahia kupanda kile kitanda apanue miguu mbele ya kijana ambaye angekuwa mtoto wake? Na kuna wanaoogopa bwana atauliza hiyo HPV, virusi vya ngono vinavyoleta hii kansa, imetoka wapi. Lakini hata aliyemaliza uoga, saa zenyewe zinamfungia nje.

Na si ugonjwa wa mchezo. Hapa Kenya hakuna kansa inaua wanawake kuishinda hii, makadirio ya 2020 yalikuwa vifo zaidi ya 3,200. Inachoniuma ni kwamba haiji ghafla, kutoka virusi mpaka kansa yenyewe huchukua kama miaka 15 hadi 20, na ukiwa na HIV bila dawa inaweza kuwa 5 hadi 10. Muda wa kuishika uko, ni sisi hatuufikii.

Kitu kilichonifurahisha ni hii ya mwanamke kujichukulia sampuli mwenyewe. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linasema kipimo cha HPV kitangulie kile cha kupaka siki na kuangalia kwa macho, na sampuli si lazima ichukuliwe na daktari. Juzi CHP wa kwetu, yule mhudumu wa afya wa mtaani, alileta kale kabrashi kwenye chama, Jumapili mchana, kanafanana na ka mascara, akatuonyesha vile unaingiza, unazungusha, unatia kwa chupa, basi. Mama mmoja akauliza kama anaweza fanyia kwa choo ya plot, watu wakacheka mpaka chai ikapoa, lakini swali ni la maana, kwa choo mnashea nyumba kumi na mlango haufungi vizuri utafanyaje? Akaambiwa afanyie kwa nyumba, akiwa amefunga mlango. Na mashine za GeneXpert zenye zinapima TB hospitali nyingi zinaweza pima HPV pia, kwa hivyo si ati tuanze na sufuri.

Shida kubwa naona iko baada ya hapo. Majibu yanatumwa kwa namba ya simu, na namba ni ya bwana, ama laini ilishapotea, ama mtu alihama plot juu ya rent. Unapima mtu, unampata na virusi, halafu humpati tena, hiyo ni kazi bure kabisa. CHP anajua nani alihamia wapi, yeye ndiye apewe hiyo kazi ya kufuata watu, na alipwe kwa wakati. Na matibabu ya mapema, yale ya kuchoma sehemu iliyoharibika kwa joto, ni ya dakika chache na mashine yake inabebeka, sioni kwa nini isiletwe huku Jumapili badala ya kumtuma mtu tena town.

Oktoba t-shati za pinki za kansa ya matiti zitajaa tena kwa barabara, sina ubaya nazo, ila wengi huwaona wakipita tu. Watoto wetu wasichana angalau wanapata chanjo ya HPV tangu 2019. Mama zao haikuwafikia, wao ni kupimwa tu, na mimi naanza na kliniki ya hapa karibu: wafungue hata Jumapili moja kwa mwezi.