Miezi Iliyonyamaza: Jinsi Nilivyoipitia Miezi ya Kati ya Ujauzito

Kichefuchefu kilichonisumbua tangu wiki ya 6 kilikoma katika wiki ya 14, karibu kwa ghafla, na badala ya kufurahi nilishikwa na hofu. Kwa wiki nane nilikuwa nimezoea kuipima mimba yangu kwa mateso yake: nikitapika, nilijua ipo. Sasa nilikula nikashiba, nililala nikaamka bila kizunguzungu, tumbo lilikuwa bado dogo kiasi cha kufichika ndani ya gauni pana, na mtoto alikuwa hajaanza kucheza. Kila niliyezungumza naye aliniambia kwamba hiyo ndiyo miezi mitamu ya ujauzito, nipumzike na kuifurahia. Huenda kwa wengi ni hivyo. Kwangu mimi, niliyekuwa na mimba ya kwanza, ilikuwa miezi ya ukimya, na sikuwa nimeandaliwa na mtu yeyote kwa ukimya huo.

Nilikwenda kliniki katika wiki ya 15 bila miadi, nikiona haya kidogo, kwa maana sikuwa na ugonjwa wa kueleza. Mkunga hakunicheka. Alinieleza kwamba homoni ya mimba, ambayo hupanda kwa kasi katika wiki za mwanzo, huwa imekwisha kupita kilele chake wakati huo, na kwamba wanawake wengi hupata nafuu katika kipindi hichohicho bila mimba kuwa na tatizo lolote. Kisha aliweka kifaa kidogo chini ya kitovu changu, akakisogeza huku na huku, nasi tukausikia moyo ukienda mbio kuliko wangu. Nilimwuliza kama mbio hizo ni za kawaida. Alinijibu, «Mama, moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika; huu wa kwako uko 150.» Nilitoka pale nikiwa mtu mwingine, ingawa sitadanganya kwamba utulivu huo ulidumu zaidi ya siku kumi.

Baadaye nilielewa kwa nini miezi hii huacha nafasi kubwa ya wasiwasi. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2016 kwamba mjamzito ahudhurie kliniki mara zisizopungua 8, lakini katika miezi ya kati, yaani kati ya wiki ya 14 na mwisho wa wiki ya 27, huangukia mahudhurio mawili tu, la wiki ya 20 na la wiki ya 26. Mahudhurio mengi zaidi huja baadaye. Kwa hiyo mwanamke hukaa wiki nyingi akiwa peke yake na mawazo yake na maoni ya watu, na mtu akishakuwa na tumbo, maoni ya watu hayana kikomo.

Wiki ya 20 ndiyo iliyobadili mambo. Nilikuwa bado sijahisi mtoto akicheza, na wifi yangu, aliyekuwa katika mimba yake ya tatu, alikuwa amemhisi wa kwake katika wiki ya 16. Nililala usiku nikiwa nimeweka kiganja tumboni, nikisubiri, na kila mnong'ono wa utumbo niliufanyia tafsiri. Siku ya kipimo cha picha, mtaalamu alipitia kichwa, uti wa mgongo, vyumba vya moyo, figo, mikono na miguu, akipima na kuandika bila kusema neno, hadi alipoukuta mguu na kunionyesha kwenye kioo. Mguu ulipiga. Ukapiga tena. Mimi nilikuwa nimelala pale pale, macho yakiona teke ambalo mwili wangu haukulisikia hata kidogo, na sidhani kama nimewahi kushangaa namna ile.

Maelezo yake yalikuwa mepesi: kondo la nyuma, licha ya jina lake, lilikuwa limejishikiza kwenye ukuta wa mbele wa mji wa mimba, likakaa kama mto kati ya mtoto na ngozi ya tumbo langu. Katika mimba ya kwanza mama huchelewa kidogo kumhisi mtoto, na kondo likiwa mbele huchelewa zaidi. Nilimhisi kwa mara ya kwanza mwishoni mwa wiki ya 22, chini kabisa na pembeni, kama mtu anayegusa kwa ncha ya kidole kutoka ndani, na kwa siku mbili niliamini kuwa ni gesi.

Kipimo hichohicho kilileta jambo la pili. Ukingo wa kondo ulikuwa milimita 14 tu kutoka kwenye mlango wa kizazi, na likiwa chini ya milimita 20 huhesabiwa kuwa limekaa chini. Nilielezwa kwamba mara nyingi hali hiyo hujirekebisha, si kwa sababu kondo hutembea, bali kwa sababu sehemu ya chini ya mji wa mimba hukua na kutanuka kadiri miezi inavyosonga, ikalibeba kondo juu pamoja nayo. Kipimo kingerudiwa wiki ya 32. Likiwa bado chini, ningejifungua kwa upasuaji. Na nikiona damu wakati wowote, hata kidogo, hata bila maumivu yoyote, nisisubiri kupambazuke.

Nililia njiani. Kisha, kwa jinsi nilivyo, nilichukua daftari.

Hapo ndipo maandalizi yetu ya kweli yalipoanza, na nakiri kwamba hadi siku ile maandalizi kwangu yalikuwa na maana ya vitu vya kununua. Nilikuwa na orodha ya nguo, mablanketi na chupa, iliyokuwa ikirefuka kila nilipoona picha ya chumba cha mtoto cha mtu mwingine. Mume wangu aliisoma orodha ile, akauliza swali moja: «Damu ikitoka saa nane za usiku, tunapiga simu kwa nani?» Hatukuwa na jibu. Tulikaa jioni tatu tukitafuta majibu ya maswali ya aina hiyo: ni dereva gani atakayekuja usiku, na wa pili ni nani iwapo wa kwanza hapatikani, ni hospitali gani yenye uwezo wa kufanya upasuaji na kuongeza damu saa zote, kundi langu la damu ni lipi na ni ndugu gani walio tayari kuchangia, nani atabaki na nyumba, fedha za dharura zitakaa wapi ili mtu asizitafute kwa kuulizana. Tuliandika mpango wa aina mbili, wa kujifungua kwa njia ya kawaida na wa upasuaji, kila mmoja kwenye karatasi yake, tukazibandika nyuma ya mlango wa chumba. Karatasi ya tatu ilikuwa na dalili za hatari: kutokwa na damu au maji ukeni, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono ghafla, homa, na mtoto kupunguza kucheza. Hiyo aliiandika mume wangu kwa mkono wake, nami nikamsikiliza akiisema bila kuitazama.

Kuhusu vitu, tulipunguza zaidi ya nusu. Mtoto mchanga huzipita nguo zake za kwanza haraka, na mahali salama pa kumlaza ni pa kawaida kabisa: godoro gumu lililo bapa, bila mito wala midoli, naye akilazwa chali. Mito niliyokuwa nimekwisha kuinunua niliihamishia kitandani kwangu, na ilinifaa, kwa maana tumbo lilipokua nililala kwa ubavu, mto mmoja ukiwa kati ya magoti na mwingine mgongoni. Kulala chali kulinipa kizunguzungu. Mji wa mimba ukiwa mzito hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Mwili nao ulikuwa na madai yake, na yaliyonifundisha zaidi yalikuwa ya damu. Wingi wa damu yangu ulipopimwa katika wiki ya 20 ulikuwa 10.1, chini ya kiwango cha 10.5 ambacho ndicho mpaka kwa miezi ya kati. Nilijitetea kwamba nameza vidonge vya madini ya chuma kila siku. Mkunga aliuliza navimeza na nini. Nilikuwa navimeza asubuhi pamoja na chai, na chai huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri. Dozi iliongezwa, nikahamisha vidonge hadi jioni, nikavimeza kwa maji ya machungwa, na katika wiki ya 26 wingi wa damu ulikuwa 11.2. Choo kigumu na cheusi kilikuwa gharama ya mafanikio hayo. Maji mengi na kutembea kila jioni vilipunguza ugumu, weusi niliuzoea. Katika hudhurio lilelile la wiki ya 26 nilipimwa pia kisukari cha mimba, kwa kunywa gramu 75 za glukosi bila kula chochote tangu usiku na kutolewa damu mara tatu ndani ya saa mbili. Majibu yalikuwa mazuri, lakini kinywaji chenyewe sikitamani tena.

Kulikuwa pia na maumivu ya kuchoma kwenye kinena nilipogeuka kitandani kwa haraka, ambayo yalinitisha hadi nilipoelezwa kwamba ni kano zinazoshikilia mji wa mimba zikivutika. Nilijifunza kugeuka polepole, na basi.

Ilipofika wiki ya 28 nilijua tabia ya mtoto wangu. Asubuhi alikuwa kimya, mchana alicheza kidogo, na kuanzia saa tatu za usiku hakutulia. Mkunga alisisitiza kwamba nisimlinganishe na mtoto wa mtu mwingine. Kawaida yake mwenyewe ndiyo kipimo, na ikibadilika nije siku hiyohiyo. Niliacha kumwuliza wifi yangu wa kwake anapiga mara ngapi.

Katika wiki ya 32 nilirudi kwenye kipimo. Mtaalamu alipima mara mbili, kisha akasema milimita 41. Usiku ule nilibandua karatasi ya upasuaji mlangoni, nikaiweka ndani ya daftari kwa maana lolote laweza kutokea, nikaiacha ile ya dalili za hatari mahali pake, kisha nikalala kwa ubavu wa kushoto. Ilikuwa saa tatu na dakika chache, na mtoto alikuwa ameanza.