Waya wa bei nafuu usomwe kwanza

Mwezi uliopita niliagiza mtandaoni waya wa USB-C wa mita 2 kwa bei iliyonivutia, nao ukachaji simu vizuri, lakini kunakili video za harusi ya dada yangu kutoka kwenye diski ya nje kulichukua zaidi ya saa mbili. Sikuwa nimesoma maelezo hadi mwisho: nyaya nyingi za namna hiyo, ingawa vichwa vyake ni vilevile, hupitisha data kwa kasi ya USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde, ilhali diski yangu inaweza takribani mara 10 ya hapo.

Sasa, kabla ya kulinganisha bei, natafuta kasi ya data na wati. Kompyuta inayohitaji wati 100 hutaka waya wa ampea 5 wenye chipu ndani ya kichwa chake. Kwa adapta naangalia mwelekeo, kwani nyingi za kutoka DisplayPort kwenda HDMI, aina mbili za tundu za kupeleka picha kwenye skrini, hazifanyi kazi kinyume chake. Kisha najumlisha usafirishaji, ambao mara nyingine huizidi bei ya waya wenyewe, na ndiyo maana nakusanya mahitaji ya miezi kadhaa nikaagiza kwa pamoja.