Tehachapi kwa Macho

Nilipoomba kujiunga na klabu ya watengeneza reli ndogo za mfano hapa Los Angeles, mzee anayewapokea wageni hakunipa fomu. Aliniuliza kama nimewahi kuiona Tehachapi, ule mzunguko wa reli kwenye milima ya California. Nikamwambia bado.

"Basi Jumamosi twende."

Klabu yao hujenga reli za Marekani na Kanada kwa kipimo cha 1 kwa 87, ambapo kichwa cha treni chenye urefu wa mita 22 kinabaki sentimita 25. Mimi nimezaliwa Voi, Kenya, kwenye kota za reli, na vichwa vya treni nilivijua kwa mngurumo kabla sijajua kusoma.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa barabara ya 14, tukaingia jangwa la Mojave jua likichomoza. Njiani nilimsimulia kwamba mwaka 1899 na 1900 kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia kiliiuzia Reli ya Uganda, ile inayopita kwetu Voi, vichwa vya mvuke. Alifurahi mno, akataka kujua magurudumu yalikuwa mangapi. Tukazungumza hilo mpaka mji wa Mojave.

Tulipofika kwenye kilima cha kutazamia, kulikuwa kimya. Chini yetu reli inaingia handaki namba 9, inazunguka kilima kizima, kisha inapita juu ya handaki lile lile, mita 23 juu zaidi. Kampuni ya reli ya Southern Pacific iliimaliza mwaka 1876, na waliochimba na kulipua mwamba wengi wao walikuwa vibarua wa Kichina. Mlima ulikuwa mkali kupita nguvu za vichwa vya wakati ule. Kwa kuizungusha njia, mpando ukabaki kama mita 2 kwa kila mita 100.

Tulisubiri saa nzima na nusu. Kisha tukasikia mngurumo mzito kutoka bondeni, ikatokea treni ya makontena ya kampuni ya BNSF, vichwa vinne vya rangi ya chungwa mbele. Ilipanda polepole, mtu angeweza kutembea kando yake. Vichwa vya mbele vikafika juu ya handaki, na chini yake makontena ya treni ile ile bado yanaingia gizani. Nilisimama nikajishika kichwa. Nyuma kabisa vichwa viwili vilikuwa vinasukuma.

Mzee hakuwa akitazama treni. Alikuwa amechuchumaa kando ya njia ya miguu, ameshika udongo mkononi. "Angalia rangi hii," akasema. Ulikuwa wa manjano iliyofifia, na nyasi zake kavu zilikuwa karibu nyeupe. Akaniambia wageni wengi huja na treni nzuri za dukani, wakaziweka kwenye mlima wa kijani usiokuwepo California. Akajaza udongo kwenye chupa mbili, moja akanipa.

Kwa kipimo chao mzunguko ule ungehitaji zaidi ya mita 13 za reli, na chumba hakitoshi, kwa hiyo wameubana. Udongo hawakuubana. Jumanne iliyofuata nilikaa klabuni kwenye kona ya handaki namba 9, nikaupepeta udongo wa chupa yangu kwa kitambaa cha soksi, nikaunyunyiza juu ya gundi kati ya mataruma, kipande cha sentimita 40, mpaka saa nne usiku.