Samansi tatu za kesi yangu ya trafiki

Niliposema nitapinga shtaka la kuendesha gari bila uangalifu, baada ya kugongana na matatu, kila mtu alinipa ushauri mmoja: kubali, lipa faini, rudi kazini. Nilipong'ang'ana, mjuzi mmoja wa vibarazani pale kortini akaniambia samansi za mashahidi, yaani hati za korti za kumwita shahidi, ni za watu wenye wakili. Uongo mtupu. Kifungu cha 144 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75 ya sheria za Kenya, hakimtaji wakili hata mara moja. Kinachotaka ni mahakama ione kwamba mtu huyo anaweza kutoa ushahidi wenye uzito, au kwamba ana hati au kitu chenye ushahidi huo. Basi.

Wakati wa kuomba ndio unaowaangusha wengi. Upande wa mashtaka ukifunga na hakimu aamue una kesi ya kujibu, papo hapo utaulizwa kama una mashahidi. Kifungu cha 211 kinaipa mahakama nafasi ya kuahirisha kesi na kuwaita wasiokuwepo, lakini iridhike kwanza kwamba kukosekana kwao si kosa wala uzembe wako. Ukisema tu "wapo, nitawatafuta," umejifunga mwenyewe. Mimi nilikuwa na barua tatu kwenye bahasha kabla sijaulizwa.

Barua yenyewe ni nusu ukurasa: nambari ya kesi, majina kamili ya shahidi, anakopatikana, simu yake, na sentensi mbili za anachokijua. Hizo sentensi mbili ndizo zinazosomwa. "Anajua kuhusu ajali" haitoshi. Niliandika hivi: "Alikuwa nyuma yangu kama mita ishirini, na aliona indiketa ya kulia ikiwaka kabla matatu haijatoka kwenye laini yake."

Huyo wa mita ishirini alikuwa mwendesha boda, na jina nililokuwa nalo ni "Mrefu". Huwezi kumpelekea Mrefu samansi. Kilichoniokoa ni picha za simu nilizopiga siku ya ajali. Mlango uliobonyea niliupiga picha kumi na moja, kama kila mtu afanyavyo. Lakini mbili nilizipiga nikiwa nimerudi nyuma, zikawanasa watu waliokusanyika, na mgongoni mwa reflekta moja, ile fulana inayong'aa ya boda, nambari ya pikipiki na jina la stage, yaani kituo chao, vinasomeka ukivuta picha. Nikaenda kwa mwenyekiti wa stage. Ana daftari la wanachama lenye majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa sababu ya michango yao. Hakunipa jina mpaka alipompigia mwenyewe simu na kumuuliza kama anakubali, na alifanya vizuri. Siku hizi nikiona ajali nawaambia watu: gari halikimbii, piga picha migongo ya watu kwanza.

Mrefu alikuwa tayari kuja bila karatasi. Nilimwombea samansi hivyo hivyo. Anayekuja kwa hiari hana cha kumwonyesha bosi wake akiomba ruhusa, na asipotokea, mahakama haina cha kumfanya wala wewe huna sababu ya kuomba tarehe nyingine.

Samansi ya pili ilikuwa ya kamera ya kituo cha mafuta nilichokuwa nakata kona kuingia. Hapa usisubiri hata kesi ianze. Mashine ya kurekodi huandika juu ya rekodi za zamani diski ikijaa. Nyingine hufuta baada ya wiki mbili, nyingine mwezi. Kesho yake asubuhi nilipeleka barua ya kuwaomba wasifute, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Kwenye samansi nikaeleza ni kamera gani (ya lango la kuingilia), tarehe, na muda wa kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi. Ajali ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi, lakini saa za kamera hizi mara nyingi haziko sawa na saa ya ukutani. Ukiomba dakika tano tu utaletewa dakika tano za barabara tupu.

Tena, diski peke yake haitoshi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kilichotiwa saini na mtu mwenye dhamana ya mashine hiyo, kikieleza rekodi ilivyotolewa. Kwa hiyo uliza kwanza ni nani anayeisimamia, umwite yeye. Ukimwita meneja asiyejua hata nenosiri, utampata meneja, na rekodi itabaki kituoni.

Sasa aibu yangu. Samansi ya kituo niliipeleka mwenyewe. Nilijiona mjanja, nimeokoa ada ya mpeleka samansi, ambayo ilikuwa shilingi elfu moja na kitu hivi, inategemea umbali na mnavyoelewana. Nikamkuta soja, yaani mlinzi, getini, akaipokea kwa mikono miwili kama zawadi, akaikunja, akaitia mfukoni. Siku ya kesi hakuna mtu. Nikasimama kwa sauti ya mtu aliyesoma sheria jana usiku, nikaomba hati ya kumkamata shahidi chini ya kifungu cha 145.

"Nani alipokea?" hakimu akauliza.

"Soja, mheshimiwa."

"Alitia saini wapi?"

Nikapekua faili muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakukuwa na saini, kwa sababu hakukuwa na nakala ya pili.

Samansi hutoka nakala mbili. Moja anabaki nayo anayeitwa, nyingine anaitia saini nyuma na inarudi kortini. Ikiwa ni kampuni, hupewa katibu, meneja wa tawi au afisa mkuu, si soja. Anayeipeleka ni polisi, ofisa wa mahakama au mpeleka samansi aliyeidhinishwa, mshtakiwa hahesabiki. Na hati ya kukamata haitoki mpaka ithibitike kwamba samansi ilimfikia mtu inavyotakiwa, tena mapema vya kutosha. Nilipoteza wiki sita. Mara ya pili nililipa ile elfu na kitu, meneja akasaini, na mpeleka samansi akaapa hati ya kiapo inayotaja siku, saa na mahali. Hiyo hati hakikisha iko kwenye faili ya mahakama siku mbili tatu kabla, maana karatasi za masjala zina miguu.

Ya tatu ilikuwa ya askari aliyechora mchoro wa ajali. Nilitaka kumwita tangu mwanzo, kisha nikamwona kwenye orodha ya mashahidi wa mashtaka, nikarudisha barua kwenye bahasha. Shahidi wa upande wa pili unamhoji kwa maswali ya kumbana: "Ulichora baada ya magari kusogezwa kando, sivyo?" Wako mwenyewe huruhusiwi kumtia jibu mdomoni hivyo. Kumbe walifunga kesi bila kumleta! Barua ikatoka kwenye bahasha, tukamwita pamoja na mchoro na dondoo la OB, kitabu cha matukio cha polisi, nambari yake ikiwa imeandikwa. Alikuwa amehamishwa, kwa hiyo samansi ilipitia kwa OCS, mkuu wa kituo chake kipya cha polisi, nayo ikachukua siku zaidi. Nilimuuliza kwa upole, "Ulipofika, magari yalikuwa wapi?" Akajibu, "Kando ya barabara." Nikakaa. Swali la pili lingempa nafasi ya kujieleza.

Mashahidi wakae nje mpaka waitwe. Mrefu alishaingia na kuketi benchi la nyuma, nikamtoa kwa ishara ya kidevu kabla sijaanza kujitetea. Angenisikiliza mimi kwanza, ushahidi wake ungeonekana nakala ya wangu.

Nauli na chakula vilikuwa kama mia tano kwa kila mtu, nami nilipanga kuwapa wakimaliza, wasije wakaambiwa wamenunuliwa. Ule mpango nusura uniponze. Mwendesha mashtaka alisimama kumhoji Mrefu, na swali moja tu ndilo lililokuwa la maana:

"Amekulipa pesa ngapi uje hapa?"

"Bado," Mrefu akajibu.

Kalamu ya hakimu ikasimama. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Mrefu naye, bila haraka, akatoa samansi mfukoni, akaikunjua na kuinua muhuri juu hakimu auone. "Nimeitwa na hii, mheshimiwa. Yeye ameniambia atanirudishia nauli tu."