Namba 15

Mwaka 2011 nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja kisicho mbali na Kisumu, na nilivaa jezi namba 15. Siku hizo jezi za basketi zilianzia 4 zikakomea 15, maana moja, mbili na tatu refa alizihitaji vidoleni kuonyesha alama. Ya 15 ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, nayo kwa kawaida ilipewa mrefu wa chini ya ringi. Mrefu wetu aliikataa kwa sababu zake mwenyewe, ikaniangukia mimi, ikanipwaya kama kanzu ya kuazima. Haikuwa hasara kubwa kwa timu, kwa kuwa niliivalia benchi. Kwenye mechi za kirafiki hata benchi sikukaa: nilipelekwa mezani kujaza karatasi ya alama, eti hati yangu inasomeka.

Muhula ule kocha akaamua kuwaalika wachezaji wa zamani. Waje Jumamosi, wacheze nasi, halafu tule samaki. Akaniita kando. "Wewe unaandika vizuri. Nitafutie historia ya timu, nusu ukurasa tu, tutoe kopi tuwape wageni."

Ofisini hakukuwa na historia. Kulikuwa na kombe moja juu ya kabati, kibati chake cha maandishi kimebanduka, ndani mna kalamu zilizokauka wino. Nikaambiwa nimwone mzee wa stoo. Yeye alikuwa hapo tangu chuo kingali koleji ndogo, na alikuwa na desturi ya kutotupa kitu. Chini ya nyavu kuukuu alinitolea katoni iliyojaa karatasi za alama. Mchwa walikuwa wamekwisha kuigundua kabla yangu.

Nyingi hazikuwa na tarehe. Nilikaa sakafuni alasiri nzima, mvua ya kutoka ziwani ikigonga mabati, nikizipanga kwa akili. Zamani mechi ilikuwa vipindi viwili vya dakika 20. Kanuni ya robo nne za dakika 10 ilikuja mwaka 2000. Basi karatasi ya vipindi viwili nikaiweka rundo la wazee, ya robo nne rundo la juzi. Nilijiona mpelelezi kweli kweli.

Humo ndimo nilimoikuta mechi yenyewe.

Kila aliyejiunga na timu alisimuliwa mechi hiyo kabla hata hajapewa soksi. Miaka ya tisini, fainali, tuko nyuma kwa alama mbili, namba 7 wetu anarusha kutoka mbali, filimbi inalia mpira ukiwa hewani, wavu unacheka. Namba 7 huyo sasa alikuwa mkubwa Nairobi, na ndiye aliyetununulia mipira kila mwaka. Ndiye pia aliyekuwa mgeni wetu wa Jumamosi.

Karatasi ya alama haina mdomo, lakini ukijua kuisoma inasema mengi. Kikapu cha kawaida huchorwa mstari wa mshazari, mtupo huru huwekewa kidoti cheusi, na aliyefunga kwa alama tatu namba yake huzungushiwa duara. Nilishuka safu ya alama kwa kidole hadi chini kabisa. Tulishinda kwa alama moja, hilo halikuwa na ubishi. Ila mwishoni hapakuwa na duara. Palikuwa na vidoti viwili, na kando yake namba 15. Nikarudi juu kwa namba 7. Visanduku vyake vitano vya faulo vilikuwa vimejaa P zote tano. Kwa faulo tano, mtu alikuwa nje, ameketi.

Nikatafuta jina la 15. Mchwa walianzia chini ya orodha: 13, 14 na 15 walikuwa wameliwa.

"Mzee," nikamwambia, "hebu tazama hapa."

Hakutazama. "Omera, mipira hii unayoipiga kila siku ilitoka wapi?"

Basi niliandika kama mwoga mwenye dhamiri: kwamba fainali ile timu ilishinda kwa alama za mwisho. Za nani, sikusema. Karatasi nikaifutika kwenye daftari langu la mezani.

Jumamosi tulianza kwa kufagia maji uwanjani. Sakafu yetu ya saruji ilikuwa na mistari miwili ya alama tatu: wa zamani wa mita 6.25, rangi ya njano iliyofifia, na mpya wa mita 6.75 uliokuja na kanuni za 2010. Wageni walijipanga kwenye ule wa njano kama ng'ombe wanaolijua zizi lao. Kila waliporusha nikawaandikia mbili. Kila nilipoandika mbili wakaja mezani kunitukana kwa upendo. Matumbo yalikuwa mbele, pumzi nyuma.

Mapumzikoni mgeni wetu alikuja kwangu, kopi mkononi.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Alama za mwisho. Za nani?"

Ningeweza kusema lolote. Nilifungua daftari nikampa ile karatasi. Akavaa miwani. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye P zile tano, kana kwamba kilikuwa na mazoea ya kupita hapo.

"Ya nne haikuwa faulo," akasema.

Kisha kidole kikateremka taratibu hadi kwenye vidoti viwili, kikakaa.

"Huyu alikuja uwanjani na sandaki, vile viatu vya plastiki. Nilipotolewa nilivua raba zangu nikampa. Zilimpwaya, akajaza gazeti mbele. Alienda kwenye mstari wa mitupo huru akitembea kama bata, nasi benchini tunaficha nyuso."

"Jina lake nani, mkubwa?"

Alipageuza mahali palipoliwa, akapainua kwenye mwanga, akapatazama kwa upande wa pili.

"Zilikuwa nyeupe," akasema. "Nyeupe, na kamba za buluu."