Nilivyochukua leseni ya kubeba bastola Texas, ingawa sheria haikunilazimisha

Njia yangu ya kwenda kazini hapa Arlington, Texas, inapita mbele ya shule mbili. Moja ya msingi, moja ya sekondari, na kati yake kuna taa za barabarani. Taa zikiwa nyekundu nasimama, nawatazama watoto wakivuka na mabegi yao mgongoni, maana zamu yangu ya jioni inanikutanisha nao wanapotoka darasani. Shule hizo mbili ndizo zilizonipeleka kuchukua leseni.

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola Texas bila leseni yoyote. Kwa hiyo nilipomwambia mume wangu kwamba nakwenda kujiandikisha darasa, aliweka kijiko chini. "Mama watoto, kitu umepewa bure unakwenda kukilipia?" Shemeji zangu nao wakasema hivyohivyo, na mmoja wao hubeba bastola kila siku na hana karatasi hata moja.

Kitu ambacho wengi wetu hatukijui ni kwamba ruhusa ya Texas haifuti sheria ya shirikisho. Kuna sheria ya tangu 1990 inayokataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000 za eneo la shule, karibu mita 300. Anayesalimika barabarani ni mwenye leseni iliyotolewa na jimbo ambamo shule ipo, au aliyeitoa risasi bastola yake na kuifungia kwenye sanduku lenye kufuli. Kubeba kwa uhuru wa jimbo si leseni. Ukifungua ramani ya mji kama wetu ukachora duara la mita 300 kuzunguka kila shule, utaona barabara chache sana zinazobaki nje.

Na mimi bado ni mkaazi wa kudumu, sijawa raia. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki bunduki. Aliyekuja kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, na hilo ndugu zangu naomba mlishike sana. Raia akipatikana na hatia atatumikia adhabu yake arudi nyumbani kwake. Mimi nikipatikana na hatia ya kosa la silaha, naweza kujikuta mbele ya jaji wa uhamiaji nikiitetea haki ya kuendelea kuishi na watoto wangu. Sikuwa tayari kuweka miaka kumi na moja ya jasho rehani kwa sababu ya dola 40 za ada ya leseni.

Bastola yenyewe nilikuwa nimeinunua kabla. Natunza wazee katika nyumba ya wagonjwa na hutoka saa tano usiku. Usiku mmoja mwanamume alinifuata hadi kwenye mlango wa gari, akashika kitasa nikiwa nimeshajifungia ndani. Aliondoka mwenyewe, lakini mkono wake kwenye kile kioo sijausahau. Nimekulia Muheza, ambako bunduki tuliiona begani kwa mlinzi wa benki au gobole kwa mwindaji. Sikuwahi kudhani nitaishika.

Kuanza ni rahisi. Unajaza maombi kwenye tovuti ya Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, unalipa ada ya dola 40, na asiye raia anaambatisha hati zake za uhamiaji. Baada ya hapo unaweka miadi ya alama za vidole, na hapo ndipo nilipokwama. Kazi yetu ni kunawa na kupaka dawa ya kuua vijidudu mikononi tangu unaingia mpaka unatoka, na ngozi ya vidole vyangu imesuguliwa ikawa laini kama kijiko cha zamani. Nilibonyeza kidole gumba kwenye kioo, mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Binti aliyekuwa akinihudumia alinipa mafuta kidogo nijipake, tukarudia kila kidole mara nne. Wiki mbili baadaye nikaarifiwa kwamba alama hazisomeki, nirudi. Safari hiyo nililala siku tatu nimevaa soksi za watoto mikononi juu ya mafuta ya mgando, nikaenda siku ambayo sikuwa na zamu, zikasoma. Kama wewe ni muuguzi, fanya hivyo tangu mwanzo.

Darasa ni la saa nne hadi sita. Unaweza kulisoma mtandaoni, lakini mimi nilitaka mtu wa kumwuliza maswali. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo aliyestaafu upolisi, na nusu ya somo lake haikuhusu kupiga risasi. Alifundisha lini sheria inakuruhusu kutumia nguvu inayoweza kuua na lini haikuruhusu, namna ya kuzima ugomvi kwa maneno, namna ya kuhifadhi silaha mtoto asiifikie. Alitwambia: ukishabeba bastola, umeacha haki ya kubishana na mtu barabarani. Akikutukana, omba msamaha wewe, uende zako.

Alitueleza pia mabango ya milangoni, ambayo nilikuwa nikiyapita kila siku bila kuyasoma. Linalotaja kifungu cha 30.05 humzuia asiye na leseni tu. La 30.06 humzuia mwenye leseni aliyeificha bastola, na la 30.07 humzuia mwenye leseni anayeibeba waziwazi. Lenye 51% kwa rangi nyekundu, kwenye baa ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake hutokana na pombe inayonywewa hapohapo, humzuia kila mmoja wetu.

Kisha akatusimulia habari ya Killeen, mji wa hapahapa Texas. Tarehe 16 Oktoba 1991 mtu aliingia na gari lake ndani ya mkahawa, akaanza kupiga risasi, akaua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa mezani na wazazi wake. Bastola yake ilikuwa kwenye gari, kwa sababu sheria ya Texas wakati huo haikumruhusu kuibeba. Alitoka hai, wazazi wake wote wawili wakafa. Alizunguka akitoa ushahidi, na mwaka 1995 Texas ikapitisha sheria ya leseni. Darasa zima lilikaa kimya. Nilifikiria kwamba hii leseni tunayoiona leo kama usumbufu wa ziada, kuna mtu aliidai akiwa amevaa msiba.

Uwanja wa shabaha ndio nilioogopa zaidi. Unapiga risasi 50: 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, 10 kutoka yadi 15. Jumla ni alama 250, na unahitaji 175. Nilivaa blauzi yenye shingo pana, kosa kubwa, kwani ganda la risasi la jirani lilirukia kifuani kwangu likiwa la moto. Mwalimu alikuwa ametuonya: hata ukiungua, mtutu usigeuke, kidole kitoke kwenye kifyatulio, weka bastola chini kwanza ndipo ujikung'ute. Nilifanya hivyo huku machozi yananitoka. Kutoka yadi 15 risasi zangu zilianguka chini kushoto, maana nilikuwa naukaza mkono kabla ya teke la bastola. Nilipata 231.

Nilituma cheti cha mafunzo, nikasubiri. Idara ina siku 60. Kadi yangu ilifika kwa posta siku ya 38.

Bastola haiingii kazini, inabaki kwenye gari lililofungwa, ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya mnene kwenye mguu wa kiti. Nyumbani inakaa kwenye sefu, na namba tunazijua mimi na baba watoto peke yetu. Tukienda New York kwa dada yangu inabaki, kwani kule leseni ya Texas haitambuliki.

Mwezi uliopita askari alinisimamisha usiku, taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Niliwasha taa ya ndani, nikaweka mikono juu ya usukani. Aliponiomba kitambulisho nilimweleza ninavyobeba na bastola ilipo, kisha nikampa kadi zote mbili, ya udereva na ya bastola, kama sheria inavyomtaka mwenye leseni anayebeba. Alizitazama kwa tochi, akanirudishia, akasema nibadilishe taa.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu. Alinyamaza kitambo, akauliza lile darasa linafanyika Jumamosi ipi.