Baruti Kidogo, Hatari Ileile

Jamaa zangu wa Masindi, magharibi mwa Uganda, ambao mashamba yao ya mahindi yanapakana na msitu wa Budongo, huniuliza kama risasi iliyopunguzwa nguvu, yaani yenye baruti kidogo kuliko kawaida, isingewafaa dhidi ya nyani, tumbili na nguruwe mwitu, kwa sababu wanajua kwamba nilipokuwa masomoni Marekani nilijifunza kujaza risasi kwa mkono, yaani kuziunda mwenyewe kwa kutia baruti ndani ya ganda na kuweka kichwa. Swali lao lina msingi, kwani risasi ya namna hiyo hupiga teke dogo na mlio wake ni hafifu. Ninachopingana nacho ni dhana kwamba baruti ikipungua, hatari nayo hupungua kwa kadiri hiyohiyo.

Ganda la risasi likitiwa baruti kidogo hubaki na nafasi kubwa tupu, na nafasi hiyo ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Mtu aliyekatizwa na mazungumzo anaweza kulijaza ganda moja mara mbili bila baruti kumwagika, ndiyo maana mwalimu wetu alitulazimisha kumulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kichwa cha risasi. Kwa upande mwingine, baruti ikiwa chache mno, kichwa hicho huweza kukwama ndani ya mtutu, na mpigaji anayefyatua tena bila kukagua hujikuta ameshika bunduki iliyopasuka. Mlio ukisikika dhaifu kuliko kawaida, huna budi kusimama, kutoa risasi zote na kuhakikisha kwamba mtutu uko wazi mwanzo hadi mwisho.

La kushangaza zaidi ni baruti zinazoungua polepole: zikipunguzwa kupita kiasi katika ganda kubwa, zimewahi kuhusishwa na shinikizo la ghafla lililovunja bunduki, na wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu yake. Kwa hiyo hakuna anayepaswa kukisia. Kampuni ya baruti ya Hodgdon, kwa mfano, inaruhusu baruti yake ya H4895 ishushwe hadi asilimia 60 ya kiwango cha juu kilichochapishwa, lakini ruhusa hiyo haihamii kwa baruti nyingine, hata ile ya chapa ya IMR yenye namba hiyohiyo ya 4895.

Tena, kichwa kilichoundwa kwa mwendo wa kasi hakipanuki vizuri kikienda polepole, hivyo mnyama hujeruhiwa na kukimbilia msituni. Wala risasi dhaifu haiishii shambani. Hata ile ndogo ya kipenyo cha inchi .22 huweza kupita kilomita 1, na nyuma ya mahindi ya Masindi daima kuna mtu anayepalilia.

Hapa Uganda, silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Silaha ya 1970, na karakana ya risasi nyumbani si jambo la kuanzisha kimyakimya. Jamaa zangu nimewaelekeza kwa ofisa wa wilaya anayeshughulikia wanyama waharibifu, na kwa zamu za kulinda shamba alfajiri, saa ambayo nyani hupenda kushuka.